Mwambie Baba

"Mwambie baba damu imeonekana," Aurélie alisema, akimtazama mumewe.

Mzee Libérat alikuwa papo hapo sebuleni, amewapa mgongo. Lakini kwao mkwe hasemi na baba mkwe ana kwa ana, hata kama mkwe mwenyewe ndiye nesi. Kila neno lilipitia kwa Didace. Hata kikopo chenye choo cha kupimwa ni yeye aliyekifikisha kwa Aurélie, kimefungwa kwenye gazeti.

"Baba, damu imeonekana." Sauti ya Didace ilikuwa ndogo.

"Muulize, damu gani? Imetoka wapi?"

Ubishi ule ule! Saratani ya utumbo ilikuwa imeshamchukua kaka wa mzee huyu, na Aurélie hakuwa tayari kuzika mwingine kwa sababu ya ukaidi.

"Mwambie kipimo cha choo kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho, basi. Huenda ni bawasiri, huenda ni kitu kibaya. Chenyewe hakisemi."

"Si kirudiwe?" Didace alidakia kabla baba yake hajafungua mdomo. "Ulisema kinafanywa kila mwaka."

"Kwa asiyekutwa na damu. Ikishaonekana hakuna kurudia, ni kamera. Inapitishwa njia ya haja kubwa, daktari anaukagua utumbo wote, na akikuta kinyama kilichoota anakikata hapo hapo. Haya, mwambie!"

Didace alikuwa anahangaika na mkanda wake, ule aliouongezea tundu jingine kwa msumari ulipoanza kumlegea. Ugali wake ulikuwa umepoa bila kuguswa.

Hasira zikampanda Aurélie. Mwanamume mzima anaogopa kumwambia baba yake ukweli!

"Mwambie basi la kwenda hospitali Mbeya linaondoka alfajiri, na tiketi nimeshakata. Mwambie kuchelewa ndiko kunakoua, siyo ugonjwa. Mwambie nampenda, Didace, sitaki kumpoteza!"

Didace aliinamisha kichwa.

Mzee Libérat akageuka. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha, kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamtazama Aurélie usoni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga mzee.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi niliona haya. Kile kikopo nilimrudishia mumeo kitupu."