Uzi wa Kwenye Jeti

"Mama, ikikataa safari hii naivunja," fundi alisema. Natalia akafumba macho kana kwamba ni jino lake linalong'olewa.

Pikipiki ya marehemu mumewe, kuukuu ya enzi za vita vya Hitla, ilikuwa imelala ghalani kando ya mpunga tangu azikwe. Sasa kabureta yake ilikuwa wazi juu ya gunia, na jeti, kile kipande cha shaba kinachopitisha petroli, imeng'ang'ania ndani kama kupe.

Fundi aliimwagia maji ya moto, akakandamiza bisibisi, akazungusha. Ikalia kidogo, ikatoka.

"He! Nani kaizungushia uzi? Ndiyo maana ilikwama."

Natalia aliinama. Uzi mwekundu, umefifia, unanuka petroli kama alivyokuwa akinuka mumewe. Ulitoka kwenye pindo la kanga aliyoolewa nayo, ile aliyoinunia wiki nzima akidai imetafunwa na panya.

"Panya wa Ifakara, mke wangu," mumewe alimjibu siku ile, "hawana adabu kabisa."

"Tundu inamokaa jeti limelika," fundi alisema. "Bila uzi haitashika. Unao nyumbani?"

Natalia alishika pindo la kanga aliyovaa, akavuta.