Fulana ya Kalemie

“Izeeshe zaidi, dada,” Thierry alisema. “Ikae kama imefuliwa na mama watatu.”

Fauzia, Mtanzania anayechapa fulana pale Yeoville, mtaa wa wahamiaji, alicheka. Kompyuta yake ilikuwa na mwandiko mmoja alioupenda kuliko yote: herufi nene, zenye mikwaruzo, utadhani zilichongwa kwenye ubao kwa kisu butu, kisha zikagongwa muhuri na mlevi. Zilizaliwa zimechakaa.

Tatizo la Thierry lilikuwa Papa André wa Turffontein, baba yake Victoire. Mzee alitangaza kwamba binti yake haolewi ila na mwanakwaya wa kweli, aliyekuwepo kwenye mkutano mkubwa wa kwaya kule nyumbani kwao Kalemie, mwaka 2009. Yeye mwenyewe, kwa maneno yake, aliimba besi huko mpaka vioo vya kanisa vikatetemeka. Mwaka huo Thierry alikuwa Lubumbashi akicheza karata, na sauti yake haikukaribishwa hata bafuni. Lakini alimpenda Victoire. Mapenzi ni kikohozi, wanasema. Ya Thierry yalikuwa homa kabisa.

Kabla hajamaliza kueleza, Fauzia alikuwa ameshaandika: KWAYA ZOTE, KALEMIE 2009.

“Mwandiko huu watu wazima wanaupenda sana,” alisema, akibana fulana ya mtumba kwenye mashine. “Ila usisimame karibu na mwenye fulana kama hii. Fulana ya kweli huchakaa kivyake. Hii, K ya Kalemie imeng’atwa mguu na sifuri ya kwanza ina ufa, nami nikichapa mia, zote zitakuwa hivyohivyo.”

“Sharp, sharp, sawa,” alijibu Thierry, ambaye hakuwa akisikiliza.

Jumapili alikaa sebuleni kwa Papa André, fulana kifuani, jasho mgongoni. Victoire alichungulia kutoka jikoni, midomo ikicheza kwa sala.

“Kumbe ulikuwa Kalemie,” mzee alisema. “Uliimba sauti gani?”

“Ténor, Papa.”

“Na ile mvua ya siku ya mwisho?”

“Eish, Papa! Ile mvua!”

Mzee aliikazia macho fulana. Thierry alijilaani, pengine halikudondoka hata tone.

“Wengi wanakuyaka hapa kunidanganya, mutoto,” mzee alisema. “Lakini mimi niko na fulana yenyewe, ya Kalemie kabisa. Ngoja nilete, tulinganishe.”

Thierry alitazama dirisha. Lilikuwa na nondo. Akamuaga Victoire moyoni.

Papa André alirudi na fulana yake, akaitandaza mezani kwa madaha, akamvuta Thierry karibu. Akainamia ya mezani, akainamia ya kifuani. Thierry naye akainama.

K zote mbili zilikuwa zimeng’atwa mguu uleule. Sifuri za kwanza zilikuwa na ufa palepale.

Wakatazamana.

“Victoire!” mzee aliita, akiikunja ya kwake haraka haraka. “Letea bwana yako chai!”