Kisanduku cha Bi Zubeda

Anwar alilifuta jina la Ansbert herufi moja moja, kama anayekwangua ukoko. Dirisha dogo kwenye kompyuta lilikuwa limeandikwa "Tarishi: kazi ya Ansbert na Anwar." Alipomaliza likabaki jina lake peke yake, na bado roho ilimuuma.

"Umemfuta kabisa?" aliuliza Naima kutoka kaunta.

"Yeye ndiye kaanza kunifuta mie."

Tarishi ilikuwa programu ndogo waliyoitunga wawili hao na kuibandika kwenye kivinjari cha kusomea barua pepe. Dukani kwa Bi Zubeda, pale Kipawa, anwani ilikuwa moja kwa mtaa mzima. Mwenye ndugu Muscat na mwenye mwana Moscow wote walitumia hiyohiyo. Tarishi ilisoma barua, ikatazama ni ya nani, ikaitia kwenye kisanduku chake, ikachapwa, mwenyewe akaja kuichukua. Mtaani walisema vijana wamefuga jini.

Barua za vifo tu ndizo zilizokuwa na njia yao. Hilo alilitaka Bi Zubeda mwenyewe tangu Tarishi ikitengenezwa.

"Mtu hapewi msiba kwa karatasi, tena kasimama kaunta mbele za watu," alisema. "Anaketishwa, anashikwa mkono, anaambiwa na mtu mzima."

Basi vijana wakaifundisha Tarishi: ikikuta neno kama msiba, mazishi au marehemu, barua iende kwenye kisanduku cha Bi Zubeda, ambacho neno lake la siri alilijua yeye tu. Zilikuwa barua chache, kwani misiba mingi bado ilikuja kwa simu. Ansbert aliuliza, "Na za kwetu sie je?" Anwar akacheka. "Sheria ni moja, braza."

Enzi hizo walikuwa wakila sahani moja.

Kisha ofisi moja ya Nairobi ikasikia habari za Tarishi. Ikataka kuinunua na kuwaajiri wote wawili waitunze. Kwa Anwar, aliyekuwa akilala sebuleni kwa mama yake, hiyo ilikuwa ndiyo njia ya kutoka. Ansbert akatangulia na disketi yenye kazi yao yote. Waliagana kituo cha basi, wameshikana mikono, wakaahidiana kwamba hakuna atakayeweka saini bila mwenzake.

Mwanzoni barua zake zilikuja kila siku. Halafu zikakatika ghafla, kama umeme.

Anwar alijipa moyo. Labda laini ya simu, labda kazi zimembana. Kuandika kuuliza hakutaka; aliyesafiri ndiye anayetoa habari. Wa kumshauri naye hakuwepo, maana Bi Zubeda alikuwa amefiwa na mumewe siku zilezile barua zilipokatika, amekaa eda kwao Kunduchi, na si wa kutembelewa na kijana wa kiume kama yeye. Duka aliachiwa Naima, mtoto wa dada yake.

Ndipo Khalfani, muuza kompyuta, aliporudi kutoka Nairobi.

"Ansbert? Mbona kaondoka zamani! Pale ofisini wanasema alipigiwa simu, akabeba begi na disketi yake, hata kuaga hakuaga."

"Kaenda wapi?"

"Nani ajue? Pengine kapata mnunuzi mwingine."

Anwar alihisi kichwa kinapata moto. Mtu aliyelala naye mkeka mmoja sebuleni! Mtu aliyekula futari ya mama yake mwezi mzima, na kufunga hafungi! Alikaa kwenye kompyuta akamwandikia neno moja, bila salamu wala jina: "Mwizi."

Jibu hakuliona. Toleo jipya la kivinjari lilipotoka na Tarishi ikagoma, Anwar aliitengeneza peke yake, hata ile nusu aliyoiandika Ansbert, akinung'unika kila mstari. Akamalizia kwa kulifuta jina. Akamwambia kila mteja aliyeuliza kwamba rafiki yake kamgeuka, kamuuza mchana kweupe. Nao wateja wakamwonea huruma.

Siku Bi Zubeda alipotoka eda, alikuja dukani moja kwa moja. Alisalimiwa, akalia kidogo na Naima, kisha akaingia nyuma ya pazia kwenye kompyuta yake.

"Naima, funga mlango," alisema alipotoka. "Anwar, vuta kiti, mwanangu. Keti."

Akamshika mkono.

Anwar alikuwa amewaona wengine wakiketishwa kwenye kiti kile. Akalikumbuka lile neno moja, akatamani alimeze.

"Ansbert amekufa?"

"Ansbert mzima. Ni mama yake." Bi Zubeda alimkabidhi karatasi zilizochapwa. "Zilikuwa kisandukuni kwangu, zote za kwako. Nisamehe, mwanangu, nilikuwa ndani."

Ya kwanza iliandikwa siku ileile aliyoondoka Nairobi. "Anwar, mama amefariki. Nawahi mazishi Bukoba. Disketi ninayo, hakuna kitakachouzwa bila wewe."

Ya mwisho, iliyoandikwa juzi tu, ilikuwa jibu la lile neno moja.

"Disketi nimempa dereva wa basi akuletee, Tarishi ni yako peke yako. Najua Bi Zubeda alikuketisha, akakushika mkono, akakuambia msiba wangu, maana sheria tuliitunga pamoja. Lakini hata pole, Anwar?"