Barafu ya Mwajabu

Mwajabu alifungua friji akakuta bakuli tupu.

"Baba Nunu, barafu yangu iko wapi?"

Mchana Hamduni, mumewe, alikuwa ameitia kwenye juisi ya wageni wake, na alijua kazi ya ile barafu. Mshauri wa kliniki, anayemfundisha Mwajabu kuishi na moyo unaolipuka ghafla kwa hofu na hasira, aliwaambia wote wawili: ukilipuka, zamisha uso kwenye maji ya barafu utulie kabla hujajikata.

Jioni hii Hamduni alitoka, akachelewa kurudi, simu yake imezima, na Mwajabu akaamini ameachwa.

"Niliwapa wageni," akasema. "Nilidhani umeshapona."

"Nimeshapona? Kwani mimi nina malaria?"

Hamduni akayaona makovu ya mkononi mwa Mwajabu, akashindwa kumtazama usoni. Akachukua beseni, akalijaza maji ya mtungini.

"Hayajafika barafu, mama. Lakini jaribu, tafadhali."

Mwajabu akainama na kuzamisha uso. Hamduni akamshikia nywele zisilowe. Viputo vilipanda kimoja kimoja, na Hamduni mwenyewe alikuwa amebana pumzi.