Terrain ya Kyavinyonge

"Mutoto mwanamuke hana terrain," Zacharie alisema. "Iko ya famille."

Alikuwa ameweka diploma ya Falonne juu ya meza, na juu ya diploma kiganja chake kizito. Falonne alikitazama kile kiganja. Kesho saa sita mchana chuo kule Butembo kingefunga kupokea maombi ya shahada ya uzamili ya sosholojia, na bila diploma yenyewe faili halipokelewi. Fotokopi hawataki hata kuiona.

Wiki mbili nyuma Zacharie, baba yake mdogo, alipita Butembo kumsalimia. Alikunywa chai, akasoma barua ya profesa aliyoikuta mezani: terrain yako ya Kyavinyonge imekubaliwa. Hakuuliza kitu. Aliondoka na diploma ndani ya koti, eti akaitunze vizuri, kisha akapiga simu kumwita Falonne aende Beni, nyumbani kwake katika commune ya Ruwenzori, waongee ile terrain.

Huku neno hilo humwamsha hata aliyelala. Terrain ni kiwanja, ni mpaka, ni kesi mahakamani. Na terrain ya kando ya ziwa, mahali samaki wanaposhushwa kila asubuhi! Zacharie hakuwa amepata usingizi mzuri tangu siku ile.

Falonne angeweza kulia. Mama yake alilia, mwaka ule baba alipofariki, Zacharie alipowafuata Luofu na karatasi ya kusaini. Shamba la maharage likaenda na karatasi. Falonne alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyetumwa kuleta kalamu. Hajajisamehe mpaka leo.

"Iko kubwa namna gani?" aliuliza Abdias, binamu mwenye mwandiko mzuri, aliyeitwa kuandika hati.

"Manyumba makumi ine na mbili," Falonne alijibu. "Yote ya bajane."

Zacharie alimeza mate. "Banakulipa?"

"Banatoa samaki. Na maneno mingi."

"Na mipaka?"

"Professeur njo aliniwekea mipaka."

Zacharie alitikisa kichwa kwa heshima. Profesa mwenye kugawa viwanja, hilo alilielewa upesi.

Falonne aliwatazama mmoja mmoja, baba mdogo na binamu. Hasira ya kulia ikamtoka, akabaki na ile nyingine, ya kupanga.

"Bon," alisema. "Nitasaini. Nakuachia terrain yote ya Kyavinyonge, baba mudogo. Hata muguu sitarudisha kule. Lakini muandike na sababu."

"Sababu gani?"

"Sababu ya kuninyanganya. Ao munaogopa maneno yenu?"

Zacharie hakuwa mtu wa kuogopa maneno yake. Alisimama, akashika mkanda wa suruali, akaanza kutoa imla kama mchungaji siku ya mavuno, Abdias akimkimbiza kwa kalamu. Kwamba binti ataolewa na ardhi itamfuata bwana. Kwamba mjane ni mgeni wa ukoo, anakaa akivumiliwa. Kwamba ndivyo walivyofanya Luofu kwa mke wa marehemu kaka yake, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

"Andika na ile ya Luofu," Falonne alimwambia Abdias. "Na mwaka."

Abdias aliinua macho. "Baba, na hiyo pia?"

"Andika! Iko siri?"

Iliandikwa. Falonne alidai nakala mbili, kila mtu na yake, na majina kamili, na nambari za simu. Zacharie alipenda sana mambo ya namba na majina. Yalimfanya ajione ofisini. Baada ya kusaini alichovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza chini ya jina lake ili hati iwe na nguvu zaidi.

Falonne alisaini wa mwisho. Kidogo acheke.

"Diploma," alisema.

Kiganja kilinyanyuka. Aliipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama alivyofunzwa na mama yake.

"Unaona?" Zacharie alimwambia Abdias. "Mutoto akipata akili, anakuwa muzuri. Hii masomo yake ingetuharibia yeye."

"Aksanti, baba mudogo," Falonne alisema. "Leo umenisaidia kuliko unavyofikiri."

Kesho yake asubuhi Zacharie alikuwa njiani kwenda Kyavinyonge, amekodi mpimaji mwenye kamba ndefu. Saa hizo Falonne alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya ofisi ya maombi, Butembo, vumbi la barabara bado liko kwenye viatu. Kulikuwa na watu wawili mbele yake. Alihakikisha diploma ipo, na alama zote, na barua ya profesa. Kisha akatoa ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake na kalamu.

Kwenye mada hakugusa kitu: "Namna ukoo unavyowanyang'anya wajane na mabinti ardhi." Chini yake, penye "Terrain ya utafiti", yaani mahali pa kukusanyia habari, alifuta Kyavinyonge kwa mstari mmoja, akaandika: "Nyumba ya baba mdogo Zacharie, Ruwenzori, Beni." Halafu akaibana ile hati yenye kidole gumba nyuma ya faili, na juu yake akaandika: "Kiambatisho cha kwanza."