Wali wa Kuungua

Siku hizo kompyuta za zahanati zilisoma mate ya kila mtu, zikatafuta kwenye jeni zake alama za saratani kabla uvimbe haujaota. Jibu waliambiwa ndugu. Mwenyewe haambiwi, asije akafa kwa hofu kabla ya ugonjwa.

Bi Sikudhani alipopimwa, na watu wa nyumbani wakaitwa kupewa jibu, alirudi akaunguza wali makusudi. Wifi yake Mwajabu alikuwa mtani wake tangu harusini, hajawahi kumsamehe hata chumvi ikizidi.

“Karibu mkaa, wifi,” Sikudhani akamchokoza. “Kaka yako kaoa tanuri.”

Mwajabu akatia tonge mdomoni. “Mtamu, wifi yangu. Mungu akuweke.”

“Hee! Juzi si uliniita mwiko uliopinda?”

“Nilikosea. Nisamehe.”

Mume naye akala, akasifu. Hata mama mkwe, asiye na meno, aliumumunya ule weusi mpaka sinia likabaki tupu.

“Nitukane basi, wifi,” Sikudhani akasema taratibu. “Neno moja tu.”

Mwajabu akasogeza sinia kando. Kisha akachukua birika, akamnawisha mikono kama anayemnawisha mtoto.