Vidomo vya Tarumbeta

"Hiki kidomo shimo lake la kupulizia refu mno!" Shebe alikitupa kitandani kidomo kingine cha tarumbeta, katika vile vya zamani alivyorithi kwa baba yake. "Hiki nacho ukingo mpana." Akashika rula tena.

Nje bendi yake ilishajipanga, bwana harusi akitota jasho ndani ya suti.

"Baba Tunu, utapima mpaka lini?" mkewe alifoka. "Tangu meno yako ya mbele yang'oke, hakuna kidomo kizuri!"

"Wewe unajua nini?"

Mama Tunu akaokota kidomo kilichotupwa, akakichomeka kwenye tarumbeta, akapuliza kwa hasira zake zote. Sauti ikatoka safi. Nje ngoma zikaipokea, msafara ukaondoka.

Shebe akanyoosha mkono apewe tarumbeta yake. Mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, anapuliza.